Waya Nilioukunja Vizuri

Nyarero, jioni ya kuamkia safari

Mwanangu Bhoke,

Basi linaondoka Tarime alfajiri, na mimi, mtu mzima wa miaka sitini na saba niliyewahi kuwaadhibu watoto kwa kukosa utulivu darasani, siwezi kukaa kitini. Nimelikagua begi lako mara tatu. Mara ya tatu mama yako amenifukuza chumbani. "Mwalimu, anayekwenda chuoni ni Bhoke au ni wewe?" Jibu la kweli ni kwamba nami nakwenda kidogo.

Umekwenda kumuaga baba yako mdogo Marwa, mvua imekatika, na nimeketi kwenye meza hii unayoijua, yenye alama nyeusi pale ulipoilaza pasi ya kulehemu ukakimbilia kuku. Sitaandika habari za kufua, kula wala kuamka mapema. Mama yako amekwisha kuyasema hayo yote, mengine mara mbili, na wewe umeitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanda basi. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili, mchungaji alipokuita mbele upewe baraka ya safari, ulisimama ukaeleza habari za kisanduku chako. Ulisema, "Mara ya kwanza nilifanya kosa katika programu yangu, namba zote zikapotea. Kosa lile ndilo lililonifundisha." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa benchi la kwanza, nikapiga makofi pamoja nao.

Bhoke, hukufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyechomoa waya.

Sasa nimeliandika. Acha nivute pumzi, kisha nieleze kwa utaratibu, kwa sababu siku zote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba jambo lililoelezwa ovyo limefichwa nusu.

Unakumbuka rashi ya dhahabu ilivyotuingia. Mtu mmoja aliokota jiwe lenye mng'ao kwenye kilima cha mbuzi, na kabla ya wiki mbili kilima kizima kilikuwa kimetobolewa maduara ya kuchimbia dhahabu kama kichungio cha chai. Watu walitoka Kenyamonta. Walitoka Machochwe wakiwaachia wake zao mifugo. Ndugu zetu walivuka kutoka upande wa Kenya wakiwa na makoleo mapya begani. Mkulima aliyekuwa hajui kuchimba choo chake akawa anazungumzia mwamba na mkanda wa dhahabu kama aliyezaliwa humo. Baba yako mdogo aliacha mahindi yake yakiwa na magugu ya magotini, akawa mkuu wa duara lenye watu watano. Nilimwambia ni upuuzi. Akanijibu, "Mwalimu, wewe una pensheni. Mimi nina jembe."

Katika chakula cha jioni moja, Marwa mwenyewe aliutaja ule ufa. Ulikuwa kando ya mdomo wa duara, upande wa lundo la kifusi, urefu wa hatua nne, na kidole kiliweza kuingia. Wewe ulikuwa umeshika bakuli la maji ya kunawa. Ulisimama hapohapo.

"Unapanuka, baba mdogo?"

"Hapana. Ule ni ufa mzee. Umenikuta pale."

"Umeupima?"

"Nauona kila siku, Bhoke. Kitu unachokiona kila siku hakihitaji kupimwa."

"Nywele zako unaziona kila siku, na zimekuwa nyeupe bila kukuaga."

Alicheka mpaka akamwaga maji. Lakini ulipoomba uende ukaupime wewe mwenyewe, kicheko kilikoma. Unajua utaratibu wao: mwanamke hasogelei mdomo wa duara, akisogea dhahabu inakimbia. Nilitazamia ulie au ubishane. Ulinawisha mikono ya watu wote, ukaweka bakuli chini, ukasema, "Kama mimi siruhusiwi kwenda, kitakwenda kisanduku."

Hapo ndipo nilipaswa kufahamu kwamba nilikuwa na mhandisi nyumbani. Mimi nilifahamu tu kwamba meza yangu ya kusahihishia ilikuwa imechukuliwa.

Kompyuta ililetwa na shangazi yako Ghati wa Isebania. Ilikosa herufi tatu kwenye kibao chake, na alifungia ndani ya mfuko huohuo ile bodi ya buluu yenye kompyuta ndogo kuliko ukucha. "Mwalimu, hii kitu inafanya, si upatie tu msichana," alisema mlangoni. Nikamwambia, "Kitu hiki kinafanya kazi." Akaniangalia kwa huruma. "Uliritaya lini, na bado unasahihisha watu?"

Ulitoa kitelezi cha sauti katika redio mbovu, ukakifunga kwenye ubao, msumari mmoja huku na mwingine kule. Ufa ukipanuka, kitelezi kinasogea, na namba inayosomwa na bodi inapanda. Marwa alikipeleka kisanduku akakipachika juu ya ufa pamoja na betri ya pikipiki. Nyamhanga, mshika kamba wao, mtu mwenye ulimi usiolala, alikipokea kwa kukipigia saluti kama kijana mgeni. "Karibu kazini, mura! Umekuja na kijiko chako?"

Siku sita baadaye Marwa alikirudisha, na betri yake ikiwa imeunganishwa bado, kama ulivyomwagiza. Ilikuwa saa tano asubuhi. Wewe ulikuwa shuleni. Alikiweka mezani hapa, akasimama mlangoni akaniambia waziwazi, "Bhoke amesema kisiguswe mpaka arudi." Nilimsikia. Sitajificha nyuma ya masikio.

Alipoondoka nikabaki na kitaa kidogo chekundu kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika, katika chumba kisicho na mtu anayekitumia. Unajua nilivyo. Miaka thelathini na mmoja sikutoka darasani bila kufuta ubao, kufunga madirisha na kuhesabu chaki. Neno "kisiguswe" nililielewa kuwa ni amri kwa watoto na kwa kuku. Mimi ni mwenye nyumba. Nikachomoa waya, betri isiharibike bure, nikaukunja vizuri kwa mzunguko kama nilivyokufundisha kukunja kamba, nikaufunga kwa uzi. Nilijisikia nimekusaidia.

Jioni uliporudi niliona umeukuta waya umekunjwa. Ulidhani ni Marwa aliyeukunja baada ya kufika? Au betri iliishiwa njiani? Sijui ulidhani nini, kwa sababu hukuniuliza. Uliwasha, ukasoma, zikatoka sifuri. Mstari baada ya mstari wa sifuri. Ulizitazama kama mtu anayetazama shamba lililopitiwa na nyumbu.

Nilikuuliza, "Namba ziko wapi?"

Ukanieleza, kwa sauti ndogo. Ulisema kisanduku kinashika namba katika kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Umeme ukikosekana hata kwa kufumba na kufumbua, kila kitu kinafutika. Ulisema huenda programu ilijianzisha upya yenyewe. "Nimekosea mahali, baba."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache. Badala yake, sikiliza nilichosema, nakiandika kama nilivyokisema: "Hiyo ndiyo kazi ya haraka, Bhoke. Kazi ya haraka haina matunda."

Nilikukaripia kwa kosa langu. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, zaidi ya waya wenyewe. Waya niliuchomoa kwa kutojua. Maneno yale niliyasema nikijua.

Habari zilifika kilimani kesho yake. Nyamhanga aliwaambia watu wote kwamba kisanduku cha mtoto wa mwalimu kimekula siku sita za posho na kimesahau kazi yote njiani. Marwa hakukucheka, lakini alishuka duarani kama kawaida. "Ufa ni mzee," alisema tena. Naye angeweza kusema nini kingine? Kitu pekee ambacho kingembishia nilikuwa nimekifuta mimi.

Wiki hiyohiyo, mwanangu, tulikaa ritongo, baraza la kijiji, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazee. Kijana mmoja alikuwa ameficha kwamba ng'ombe wake ndio waliokula mahindi ya jirani. Nilimsimamisha mbele ya mkutano, nikamwambia atamke kosa lake kwa sentensi kamili, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Akalitamka. Nilirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili nisipite mbele ya dirisha lako.

Nilikwenda pia kwa Marwa, kumwomba aache duara lile. "Kwa nini?" aliniuliza. Nikasema nina wasiwasi. "Wewe una wasiwasi hata na mvua ya vuli," alinijibu. Ningemwambia, "Kisanduku hakikusahau, mimi ndiye niliyekifuta," angekipa nafasi ya pili siku ileile, maana alikuwa anakuamini kuliko anavyoniamini mimi. Sikumwambia. Kwa siku kumi na saba nilikuwa nasimama uani saa kumi na mbili jioni nikijifanya ninapogolea michungwa, mpaka nimwone akishuka njiani akiwa na koti lake begani. Mama yako aliniuliza kwa nini michungwa yetu imekuwa na vipara.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo siwezi kuiandika bila kutabasamu.

Ulikaa siku mbili bila kukigusa kisanduku. Siku ya tatu ulisimama mbele ya televisheni. Televisheni ile niliyozawadiwa nilipostaafu ilikuwa imekufa picha tangu mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nimeifunika kitambaa cha kufuma kama marehemu.

"Baba, televisheni ilipokuwa inazimwa na kuchomolewa, ikiwashwa kesho yake ilikuwa inakumbuka stesheni?"

"Ilikuwa inakumbuka. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Ilitengenezwaje?"

Bhoke, nimewafundisha watoto wengi sana kujibu maswali. Sikuwa nimewahi kuulizwa swali lililonifanya niinuke nikachukue bisibisi. Mama yako aliposikia skrubu ya kwanza ikidondoka alikuja na mwiko mkononi. "Hatimaye! Nilidhani tutaiombolezea mpaka kiama."

Ulikipata kitu chenyewe karibu na katikati ya bodi: chipu nyeusi, ndogo kama punje ya hindi, yenye miguu minane. Mimi nilishika tochi na miwani yangu juu yake tukasoma namba zake. Uliruka. Ulisema chipu hiyo ina vyumba mia mbili hamsini na sita, na kila chumba kinahifadhi namba moja, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, na namba hiyo inabaki humo umeme ukiwepo usiwepo, mwaka mmoja, miaka kumi, hata zaidi. Nilikuuliza, "Kama wino?" Ukasema, "Kama wino, baba, ila wino unaoweza kufutwa ukitaka wewe, si umeme unapotaka." Kumbukumbu ile ya kwanza, basi, ilikuwa ubao wangu. Na mimi nilikuwa nimeufuta, kama kawaida yangu, kabla ya mwenye somo kunakili.

Chipu haikukujibu siku ya kwanza. Haikukujibu siku ya pili. Uliiunganisha kwa nyaya mbili, mmoja wa kupitishia namba na mwingine wa kupigia mwendo, nayo ikanyamaza kama mkwe. Jioni ya siku ya pili ulipiga kelele ambayo shangazi yako angeweza kuisikia Isebania: ulikuwa umesahau rezista mbili za kuzivuta nyaya hizo juu zinapokuwa hazina kazi. Ukazing'oa katika televisheni hiyohiyo, ukazilehemu, na chipu ikasema. Ikamwaga namba zake zote kwenye kompyuta, namba za televisheni, mambo iliyokuwa inayakumbuka gizani chini ya kitambaa changu!

Ulikuwa unazipitia kwa kidole. Ulisimama kwenye moja. "Baba, sina uhakika, lakini hii inafanana na sauti. Iko juu sana."

Bibi yako. Nani mwingine? Miezi yake ya mwisho alikuwa hasikii vizuri, akiipandisha sauti mpaka jirani akawa anafuata taarifa ya habari kutoka kwake. Tuligombana naye kila jioni. Amekwisha kulala, televisheni imekufa, na bado ugomvi wake ulikuwa umekaa katika chumba kimoja cha chipu, ukisubiri mtu wa kuusoma. Nilivua miwani nikaifuta. Wewe uliona, ukazinakili namba zote katika daftari kabla hujaandika yako juu yake. Asante kwa hilo. Sikuwahi kukuambia.

Kisha chipu ikakataa kuandikwa. Ilisoma vizuri, lakini kila ulichoandika ilikitupa. Ulikuwa umeuunganisha mguu wa saba juu badala ya chini, na mguu huo ukiwa juu chipu inajifungia mlango. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Niliijua tabia hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kusomwa na watu wote, nikiwa nimefunga mlango wa kuandikwa.

Jambo jingine ulilonifundisha usiku wa siku ile, kabla ya kula, sijalisahau. Programu yako ilikuwa inaandika namba ya saa katika chumba kilekile kimoja, kila sekunde. Ukaibadilisha. Ulisema chumba kimoja kinavumilia kuandikwa mara nyingi sana, lakini si milele. Ukikiandikia jambo lilelile bila kupumzika kinachakaa, kisha hakishiki kitu tena. Ukapanga kila saa iandikwe katika chumba chake, mara moja tu. Nikajiuliza ni mara ngapi nimeandika "kazi ya haraka" katika chumba kimoja cha moyo wako. Kama kimechakaa, usikitengeneze. Kiache hivyo.

Kisanduku kikarudi kilimani. Nyamhanga alikipokea kwa kicheko. "Safari hii kimefunga fundo kwenye leso, kisisahau?"

Siku kumi. Nilipogolea michungwa.

Siku kilipoletwa uliwataka Marwa na Nyamhanga waje wote wawili. Kilikuwa mezani hapa, betri ikiwa imeunganishwa, kitaa kikiwaka na kuzimika. Mimi nilisimama ukutani, mikono nyuma, nisije nikagusa hata meza. Nawe, mbele ya macho yetu, ukashika waya ukauchomoa.

Niliinua mkono kukuzuia! Nadhani hukuniona.

"Mbona umekizima?" Marwa aliuliza.

"Ili muone."

Ukaiondoa betri ukaipeleka nje kabisa, ukarudi, ukajimiminia chai, ukanywa. Nyamhanga akasema, "Mura, amekiua." Ulipomaliza kikombe ukaunganisha kisanduku na kompyuta.

Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na tatu.

Namba zilikuwa zinashuka kwenye kioo kama watoto wanaotoka darasani kengele imelia. Uliniambia, "Baba, zisome kwa sauti, mimi nitachora." Nikazisoma. Nilizisoma kama ninavyoita mahudhurio, namba mia mbili na zaidi, na kila namba iliitika. Wewe uliweka nukta kwenye karatasi ya miraba. Tulipofika siku ya nne Marwa alikuwa ameinama juu ya karatasi mpaka kofia yake ikakuzibia mwanga.

"Hii ni ngazi," alisema.

Ilikuwa ngazi. Usiku mzima mstari umelala. Saa nne asubuhi unapanda, saa kumi jioni unalala tena. Kesho yake vilevile. Haikuwa mvua, kwa sababu siku mbili zilikuwa kavu na ngazi ilipanda tu.

"Saa nne kunawashwa nini kilimani?" uliuliza.

Nyamhanga ndiye aliyejibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Karasha. Liko nyuma ya kifusi chetu." Mashine ile ya kusagia mawe ilikuwa inaitikisa ardhi mchana kutwa, kifusi kinasukuma, ufa unafunguka kidogokidogo kwa kiasi ambacho jicho linalotazama kila siku haliwezi kukiona. Namba ya mwisho ilikuwa tisini na nne.

Marwa alikaa chini sakafuni. "Tisini na nne ni ufa mzee?"

"Hapana, baba mdogo," ulisema. "Ni kijana, na anakua."

Hawakushuka tena. Walitoa kamba, wakatoa matimba, yale magogo ya kuzuilia kuta, waliyoweza kuyafikia, wakahamia upande wa pili wa kilima huku majirani zao wakiwazomea kwamba wamefukuzwa na redio mbovu. Siku ya nne, saa saba mchana, mdomo wa duara uliingia ndani na lundo zima la kifusi juu yake. Sisi tulisikia huku nyumbani kama lori linalomwaga mawe. Nilikimbia, Bhoke. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikimbia. Nilimkuta Marwa amesimama ng'ambo, mzima, ameshika koti lake, akihesabu watu wake kwa kidole: watano. Akahesabu tena. Watano. Tulikumbatiana, jambo ambalo mimi na ndugu yangu hatulifanyi. Na hata pale, nikiwa na uso wangu begani mwake, sikusema.

Jioni ile Nyamhanga alikuja hapa amenawa, amevaa shati. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukisalimia kisanduku." Akakisalimia kweli, kwa mikono miwili. Kisha akasimama, akatazama miguu yake, akakwambia kwamba wamekubaliana: kisanduku cha duara jipya uende ukakifunge mwenyewe, mdomoni kabisa. "Na dhahabu ikikimbia?" ulimuuliza. Akasema, "Ikikimbia tutaifuata. Mtu akifukiwa hafuatwi." Ulipita kati ya wanaume wale na ubao wako kwapani, na mimi nilikuwa nyuma yako. Nilitamani kumwambia kila mtu, huyu ni wangu, na wakati uleule nilitamani nisionekane.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka na nusu sasa umekwenda ukilieleza kosa lako: shuleni, kanisani, katika barua ya maombi ya chuo. Niliisahihisha barua ile kwa mkono wangu. Niliweka nukta mahali pake na kuuacha uongo umesimama. Kesho ungelipeleka kosa hilo chuoni Arusha, ukalieleza kwa watu wasiotujua, na kadiri ulivyolieleza ndivyo lingekuwa kweli. Sikubali upande basi na mzigo wangu katika begi lako.

Huenda utasema, kwa jinsi ninavyokujua, kwamba hata hivyo kisanduku kilikuwa na upungufu. Kwamba kilipaswa kuwa tayari kumvumilia baba kama mimi. Hilo ni kweli, na ni uhandisi mzuri. Watengenezee watu vitu wakijua kwamba mwenye nyumba atapita, ataona taa, na atazima. Lakini usimsamehe mwenye nyumba kwa sababu hiyo. Msamehe, kama utamsamehe, kwa sababu amekuja kusema.

Marwa ataambiwa na mimi mwenyewe kesho, nikitoka kukusindikiza. Nitamwambia nimesimama, kwa sentensi kamili, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Kama atacheka, vema. Kama atanyamaza siku kumi na saba, nitazihesabu.

Kuna kitu kimoja zaidi. Shangazi yako alipokununulia chipu kubwa zaidi huko Isebania kwa ajili ya kisanduku cha duara jipya, uliiacha ile ya televisheni ndani ya kikombe cha kalamu. Niliichukua. Wiki iliyopita ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilifungua daftari lako mahali ulipoandika jinsi ya kuandika katika chipu, nikaifuata hatua kwa hatua kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na kidole kimoja. Ulinifundisha kwamba herufi A ni sitini na tano. Nyingine nilizihesabu. Mguu wa saba niliuweka chini; nilihakikisha mara nne. Kisha nilichomoa waya, nikanywa chai kikombe kizima, nikauchomeka tena, nikasoma. Ilikuwepo! Nilimwita mama yako aje aone, nikakumbuka hajui habari ya waya, nikamwambia ni hesabu tu.

Chipu hiyo iko ndani ya bahasha hii, nimeichomeka kwenye kipande cha sponji. Utakapofika na kufungua meza yako ya kwanza ya kazi, iunganishe. Rezista mbili, usisahau. Utakuta vyumba ishirini na tisa vimejaa, kuanzia cha kwanza. Vinasema hivi:

MIMI NDIYE NILIYECHOMOA WAYA.

Vyumba vingine mia mbili ishirini na saba nimeviacha wazi. Ni vyako. Ukiwa tayari, andika humo utakachoona kinafaa, hata kama ni neno moja, hata kama ni kunikaripia, kisha mpe yeyote anayekuja huku ailete. Nimekwisha kujifunza kusoma.

Nasikia viatu vyako uani, na Marwa amekusindikiza, mnacheka. Naifunga.

Baba yako,
Mwita